Namba ya Mzee Wasike

Miaka ile, ukimuuliza mtu yeyote wa ploti yetu ya kupanga mtaani Lucky Summer, Nairobi, anwani yake, angekupa ya Mzee Wasike. Mimi Luseno nilikuwa kiwandani Baba Dogo, tukitengeneza beseni za plastiki, na kwenye fomu zangu zote za kazi niliandika namba yake. Roseline wa mboga alimpa mwanawe aliyekuwa shule ya bweni. Kulikuwa na watu hadi Dandora ambao sikuwahi kuwaona, nao pia barua zao zilipitia kwa Wasike. Sanduku la Posta 99000. Namba nyepesi mno, mtoto angeikariri kabla hajajua kufunga viatu.

Aliipata mwaka 1977, akiwa karani wa mizigo wa reli. Siku hizo hakuna aliyejali namba nzuri wala mbaya. Alipanga foleni, zamu yake ikafika, akapewa iliyofuata kwenye daftari.

Kila Jumamosi alivaa koti lake la reli, akatembea hadi posta na mfuko wa kaki, na ilipofika saa nne alikuwa amerudi. Tulimkuta kwenye kiti chake mlangoni. Alisoma majina moja moja kwa sauti ya stesheni, nawe ukaenda kuchukua chako. Sheria yake ilikuwa moja tu: bahasha hufunguliwa na mwenyewe. Hata asiyejua kusoma alimlazimisha aipasue kwa mkono wake kwanza, ndipo amsomee. Kuna bwana mmoja aliyetaka kupokea barua ya mkewe aliyekuwa kazini. Mzee alimtazama mpaka yule bwana akajiondokea mwenyewe.

Naona aibu kuandika hili, lakini ni kweli: ada ya sanduku kila Januari aliilipa peke yake, miaka kumi na tisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza, "Mzee, ya mwaka huu imelipwa?" Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumezoea tu.

Yeye mwenyewe alingoja barua moja kwa mwaka. Binti yake wa pekee, Mourine, aliondoka nyumbani mwaka 1991 baada ya kugombana na baba yake juu ya mwanamume fulani. Maneno yaliyosemwa siku ile mzee hakuyarudia mbele ya mtu. Tangu hapo kila Krismasi ilikuja kadi yenye stempu ya ng'ambo, mwaka huu nchi hii, mwaka ujao nchi nyingine, na nyuma ya bahasha hakuna anwani ya mwandishi. Tena haikuandikwa kwa baba. Iliandikwa kwa mama, Khavere, aliyekuwa akilima shamba lao kule Kimilili.

Na Wasike, sijui nimsifu au nimcheke, alikuwa akiibeba kadi ile ikiwa imefungwa vilevile, usiku mzima ndani ya basi mpaka Kimilili. Anampa mkewe. Mkewe anaifungua, anasoma kimya, halafu anamwambia mumewe yaliyomo. "Anasema yuko salama." Basi mzee anarudi Nairobi na maneno hayo matatu, na yanamtosha mwaka mzima.

Desemba ya 1995 kadi ilikuja, akaipeleka, akamkuta Khavere kitandani. Hakuinuka tena. Mzee alimzika katikati ya Januari, akabaki huko kuweka sawa mambo ya shamba na ndugu zake. Kabla ya kusafiri alikuwa ameniachia ufunguo wa sanduku. "Luseno," aliniambia, "unajua sheria."

Niliijua. Kila Jumamosi nilifanya alivyofanya yeye, ingawa sauti ya stesheni sina. Barua zake mwenyewe, chache, nilizitia ndani ya katoni ya sabuni chini ya kitanda changu. Mwezi wa pili ikaja bahasha ya kahawia yenye jina lake, imepigwa muhuri mwekundu: ILANI YA MWISHO. Niliusoma huo muhuri vizuri kabisa, mimi si kipofu. Niliigeuzageuza. Kisha nikaiweka ndani ya katoni, kwa sababu bahasha hufunguliwa na mwenyewe. Nilijiona mwaminifu kweli.

Mwezi wa tatu ufunguo ukakataa kuzunguka. Nilidhani umekwisha meno. Nikaupeleka kwa fundi kando ya barabara ya Mathare, akaupiga tupa, nikarudi, ukakataa tena. Nikaupeleka tena. Jumamosi tatu nzima nilihangaika kunoa ufunguo wa kitasa ambacho hakikuwapo tena.

Mzee aliporudi mwezi wa nne tulikwenda pamoja. Dirishani alikaa Phares, karani aliyekuwa ameshika daftari la masanduku miaka mingi, na aliyemjua Wasike kwa sura na kwa koti. Posta yenyewe sitaitaja, maana waliopo sasa hawana kosa.

"Pole kwa msiba, mzee," alisema Phares. "Lakini ile boksi ilienda. Hukulipa mpaka siku zikaisha. Notisi tulituma."

"Mlituma wapi?" Wasike aliuliza.

"Kwa boksi yako."

"Na mimi nilikuwa kwa mazishi."

"Sasa mimi ningejuaje, mzee? Boksi si yako. Ni ya posta, wewe ulikuwa umekodi tu. Kila mtu hukodi."

Wasike alilisogelea dirisha. "Amepewa nani? Aliyekuwa mbele kwenye foleni?"

Phares akaanza kupanga stempu zilizokuwa zimepangika tayari. Ukweli tuliujua baadaye. Alikuwa na daftari lake dogo la pembeni, la namba nzuri, zile za sifuri nyingi zinazokaa vizuri kwenye ubao wa duka. Namba ya namna hiyo ilipokaribia mwisho wake, aliwaambia wafanyabiashara wachache, nao wakashindana. Aliyemlipa zaidi ndiye aliyeipata. Ya mzee walishindania watatu, ikaenda kwa duka la magodoro. Watu waliokuwa wamepanga foleni miaka sita waliendelea kupanga.

Hasira yangu kwa Phares haijaisha mpaka leo, na nimeigeuza kila upande. Nikisema aliiba, si kweli. Siku zilikuwa zimeisha, ilani ilitumwa, kila karatasi ilikuwa mahali pake. Lakini mtu yule yule aliyeshika daftari, anayejua siku yako ya mwisho kuliko unavyoijua wewe, ndiye anayefaidika ukisahau. Mtu kama huyo atakukumbusha kwa bidii gani? Angemtuma mtoto yeyote wa Lucky Summer na ujumbe wa mdomo, mzee angeuza hata kitanda akalipa. Alitupa bahasha moja ndani ya sanduku, akaanza kuhesabu siku.

Mzee aliomba jambo moja la mwisho. "Kadi ikija ya Khavere, niwekee kando. Moja tu."

"Mzee, kinachoingia kwa boksi ni cha mwenye boksi," Phares alisema. "Mimi siwezi kuchagua barua za watu. Hiyo ndiyo ingekuwa makosa."

Tuliporudi watu waliuliza barua zao. Wakakasirika, na wakamkasirikia yeye. Roseline, ambaye hakuwahi kulipa hata senti, alisema mzee amempotezea barua ya shule. Baada ya miezi miwili kila mtu alikuwa amepata njia nyingine, wengine kanisani, wengine kwa waajiri wao. Mimi pia nilibadilisha. Jumamosi saa nne Wasike alitoa kiti chake mlangoni, kwa mazoea, na hakuna aliyekuja. Nilipopita nilisema, "Habari ya asubuhi, mzee," nikaenda zangu haraka, maana ile katoni bado ilikuwa chini ya kitanda changu. Barua nyingine zake nilimpa. Ile ya kahawia sikumpa.

Alikuwa mpweke kiasi cha kuonekana kwa mbali. Alianza kwenda posta siku ambazo hakuwa na shughuli huko, akakaa kwenye benchi linalotazamana na masanduku. Desemba alikwenda kila siku. Alikuwa na jambo la kumwambia Mourine, kwamba mama yake amekufa, na hakuwa na mahali pa kuliandika. Kadi ndiyo iliyokuwa uzi wa pekee. Huenda safari hii angeandika anwani nyuma, nani ajuaye? Lakini mtu wa magodoro alichota barua zake alfajiri kwa gunia, kabla mzee hajafika.

Januari nilishindwa kuvumilia kumwona. Nikamwambia, "Twende huko dukani tuulize."

Duka lilikuwa na ubao mpya, namba yake kubwa kuliko jina. Wasike alisimama mbele yake akausoma. Ndani tulimkuta msichana wa ofisi, Rispa, mwenye roho nzuri, akatupa viti. Nilimweleza habari ya kadi yenye stempu ya ng'ambo, jina Khavere.

Rispa akashika mdomo. "Ilikuja. Kabla ya Krismasi."

"Iko wapi?" nikauliza.

"Niliirudisha posta, nikaandika juu kwamba hatumjui mtu huyo hapa. Hivyo ndivyo bosi alisema tufanye. Haikuwa na anwani ya nyuma, basi sijui waliifanya nini." Akamtazama mzee kwa hofu. "Na nisamehe, baba. Nilikuwa nimeifungua. Hapa barua zote nafungua kwa kisu mara moja, hata siangalii jina."

Nilimtazama Wasike nikingoja alipuke. Mtu aliyebeba kadi miaka mitano hadi Kimilili bila kugusa gundi yake! Aliweka mikono juu ya magoti.

"Uliisoma?" aliuliza.

"Niliisoma, baba."

"Ilisema nini?"

"Ilisema, 'Mama, nimejifungua msichana. Nimempa jina lako. Mwambie Baba.'"

"Rudia," alisema Wasike.

Rispa akarudia. Mzee akamwomba tena, na mara ya tatu Rispa alikuwa akilia, lakini maneno hakuyabadilisha. Kisha Wasike akasimama, akamshukuru kwa kumpa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, kama anavyoshukuriwa mtu mkubwa. Hakuuliza kama kulikuwa na anwani ndani. Mimi niliuliza. Haikuwapo.

Tulirudi kwa miguu. Tulipokaribia kiwandani kwetu nikamwambia habari ya bahasha ya kahawia. Niliisema yote, muhuri mwekundu, mwezi wa pili, chini ya kitanda. Nilitamani anitukane.

"Ilikuwa na jina langu?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na hukuifungua."

"Ulisema tusifungue."

"Nilisema," alijibu. "Ni kweli, nilisema." Tuliendelea kutembea, yeye mbele kidogo.

Kwenye ploti watu walikuwa wakianika nguo. Nilingoja awaambie, maana habari ya mjukuu mtu huitangaza kabla hajaketi. Aliwapita wote. Zamani angewakuta wamejaa mlangoni pake, leo hakuna aliyeinua kichwa. Akaingia ndani, akaurudisha mlango bila kuufunga.

Nilisimama nje na mkono tayari wa kubisha, nikitaka kumwambia nitamtafutia sanduku lingine, nitalilipa mimi mwenyewe. Ndipo nikamsikia. Kwa ile sauti yake ya stesheni, ambayo sikuwa nimeisikia kwa mwaka mzima, alisoma jina: "Khavere." Akangoja kidogo, kama alivyokuwa akitungoja sisi. Kisha akasema, "Yako hii. Anasema tumepata msichana."

Mle ndani hapakuwa na mtu. Nikateremsha mkono, nikaenda zangu.