Meno Mawili ya Propela

Mzee aliyenifundisha ufundi wa magari alikuwa na tabia ya kunigonga vidole kwa spana. Nikishika bolti vibaya, aligonga. Nikiuliza jambo alilonieleza jana yake, aligonga. Siku moja niliangusha nati, akaipiga teke ikapotelea kwenye vumbi, akaniambia sitakula mpaka niipate. Nilikuwa mwanamke pekee katika gereji ile ya uwanja wa wazi nyuma ya mtaa wa Tena, na wateja walikaa kwenye viti vya plastiki wakinitazama nikitambaa. Niliipata saa tisa. Aliipokea, akaifunga mahali pake.

Hata hivyo alikuwa fundi hasa. Alikuja Nairobi kutoka Magharibi mwa Kenya akiwa kijana, akafanya vibarua viwandani kabla ya kuingia kwenye magari, na tangu hapo alikuwa akiishi na mke wake katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Gereji nzima ilijua, yeye peke yake hakukubali. Kilichobaki kizima ni masikio. Alikuwa akisimama kando ya gari linalonguruma, kichwa ameinamisha, macho amefumba, kisha anakutajia kilichoharibika kabla hujafungua boneti. Kwa miaka mitano nilimfuata kama mkia, nikimchukia na kumsikiliza kwa pamoja.

Ndipo likaja gari la mfanyabiashara wa vinyago. Alikuwa mtu wa Ukambani, shemasi kanisani kwake, shati jeupe lililopigwa pasi hata siku za matope. Gari lake lilikuwa fowili ya zamani, ile inayovutwa na magurudumu yote manne, imara, nyuma imeng'olewa viti vyote, kwa sababu aliitumia kubebea vinyago kutoka kwa wachongaji kule Machakos.

"Likiondoka linagonga," alisema. "Likishika kasi linatetemeka mpaka meno yanauma."

Mzee alilizungusha mara moja tu, akasema ni propela ya nyuma. Propela ni lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye magurudumu. Kila ncha ina kiungo chenye msalaba mdogo wa chuma, na misalaba ile ilikuwa imelika. Aliniagiza niishushe propela ili tufunge misalaba mipya.

"Kabla hujaichomoa katikati, piga alama," alisema.

Maana propela ile ni vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine kwa meno. Ukivitenganisha, sharti uvirudishe jino kwa jino kama vilivyokuwa, ili panda zinazoshika msalaba wa ncha hii na panda za ncha ile zilale sambamba. Zikipishana hata kidogo, propela inazunguka kwa kurukaruka, na gari zima linatetemeka.

Nilijua hayo yote. Lakini asubuhi ile alikuwa ameniita ng'ombe mbele ya mteja, na nilikuwa na hasira ya kutotaka kumtii kwa lolote. Sikupiga alama. Nilichomoa, nikasafisha meno, nikapaka grisi, nikarudisha palipoonekana sawa kwa macho. Mzee akalala chini ya gari akaifunga propela kwa mikono yake mwenyewe, bolti moja baada ya nyingine, akipapasa kwa sababu hakuwa akiziona vizuri.

Kugonga kulikwisha. Kutetemeka hakukwisha.

Shemasi alirudi baada ya siku tatu. Tukapeleka magurudumu kusawazishwa. Akarudi tena. Mzee alikwenda naye barabarani, akamwambia akoleze mwendo kisha atoe gia. Injini ilitulia, lakini kiti kiliendelea kutetemeka vilevile. Basi si injini. Usukani nao ulikuwa shwari, basi si mbele. Akabadilisha raba zinazoshikilia gia boksi, ambazo kweli zilikuwa zimechanika. Shemasi akaondoka akiwa ameridhika, akarudi kesho yake amekasirika kuliko mwanzo.

"Imebaki propela," mzee aliniambia. "Jumatatu tutaishusha tena."

Nilikumbuka alama ambayo sikupiga. Ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu, na adhabu kubwa kuliko zote ingekuwa spana kwenye vidole. Nikasema, "Sawa, mzee," nikaenda kunawa mikono.

Jumatatu haikufika. Shemasi alikuja Jumamosi mchana, gereji imejaa watu, akaegesha gari katikati ya uwanja na kumwita mwenyekiti wetu, yule anayegawa nafasi za kazi.

"Nani alifunga hii propela?" shemasi aliuliza.

Mwenyekiti alitutazama. Mzee alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, hata hakuwa amejua kwamba swali linamhusu. Nikajibu mimi.

"Ni mzee."

Haikuwa uongo, na ndiyo maana ilitoka kwa urahisi.

Shemasi alifungua mlango wa nyuma. "Ingia," akamwambia mzee. "Lala hapo chini, uweke sikio kwenye bati. Leo utasikia ninachosikia mimi."

Watu walicheka. Mzee alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akainua mabega. Kisha alinitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye sanduku la vifaa. Akaingia. Akajilaza kifudifudi juu ya bati tupu, mtu wa zaidi ya miaka sitini, na shemasi akabamiza mlango.

Walienda hadi barabara ya Outering na kurudi. Sijui alikimbiza gari kiasi gani, lakini kila tuta la barabara ile nalijua. Walipofika, mlango ulifunguliwa na mzee hakuweza kushuka mwenyewe. Alikuwa ametapika kwenye shati. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechubuka, damu inatiririka shingoni. Vijana walishatoa simu wanamrekodi.

"Buda, umesikia ngoma?" mmoja alimuuliza, na kicheko kikazunguka uwanja wote.

"Sasa amejifunza," shemasi alisema, akitafuta kitambaa cha kufuta mahali mzee alipochafua.

Mwenyekiti alimwambia mzee aende nyumbani apumzike, na namna alivyolisema neno "apumzike" kila mtu alielewa. Alikusanya spana zake moja moja, akizipapasa ili asichukue za mwenzake, akalitia sanduku begani, akaondoka. Ile video ilifika Mukuru kabla yake. Mke wake aliionyeshwa na jirani.

Jumatatu nilifanya kazi peke yangu. Nilifuata hatua zote kana kwamba sijui jibu, kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Niliishusha propela ya nyuma, nikaliendesha gari kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele tu. Lilikwenda laini kabisa. Nikailaza propela kwenye meza, nikachungulia kutoka ncha moja hadi nyingine. Panda zilikuwa zimepishana kwa meno mawili. Nilivuta, nikazungusha, nikarudisha. Kazi ya dakika moja.

Shemasi alilijaribu, akarudi anatabasamu, akanishika mkono mbele ya wote. "Huyu ndiye fundi," alisema. "Mlikuwa mnamficha wapi?" Jioni hiyo mwenyekiti alinipa nafasi ya mzee, ile yenye paa la mabati.

Ilipita kama miezi minne kabla sijamwona tena. Nilikuwa nimekwenda Industrial Area asubuhi kutafuta raba, nikapita mbele ya geti la kiwanda ambapo vibarua hupanga foleni. Alikuwa amesimama kati ya vijana. Mlinzi alitembea akigusa mabega ya wanaotakiwa: wewe, wewe, wewe. Alipofika kwake akamruka. Geti likafungwa, waliobaki wakaanza kutawanyika.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba." Aliijua sauti yangu kabla hajaniona uso. Sikio lilikuwa limepona likaacha kovu. "Ulipata meno mangapi?"

"Mawili."

"Nilidhani moja. Nikiwa nimelala pale chini nilikuwa nahesabu."

"Kumbe ulijua?"

"Tulipopita taa za kwanza tu. Nilifunga bolti mimi, lakini propela uliiunganisha wewe."

"Kwa nini hukusema?"

Nilitegemea aseme kwamba alinihurumia, na ukweli ni kwamba nilitaka sana aseme hivyo.

"Nilitaka nione wewe ni mtu gani," alisema. "Nikaona."

Akavuka barabara, mkono mmoja mbele kidogo kama mtu anayepita chumba chenye giza, lori likampigia honi ndefu.

Kwa wiki mbili sikulala vizuri. Mwishowe nilimwendea mwenyekiti, akiwa anakunywa chai na wateja wake, nikamweleza yote: alama, hasira yangu, meno mawili. Nikamwomba amrudishe mzee, angalau kwa kazi ya kusikiliza magari.

Alipuliza chai yake. "Lile gari lilipona?"

"Lilipona."

"Sasa unanisumbulia nini?" Akawageukia wale wateja. "Mmesikia huyu? Buda alilazwa kwenye bati bure!"

Waliangua kicheko. Mmoja alikuwa bado na ile video kwenye simu, akaitafuta, akaniwekea nione. Nami nikacheka pamoja nao, kisha nikachukua jeki na kwenda kuinua gari la mteja aliyekuwa akingoja.