Samaki wa Kuruka na Mke Mwenzangu

Mume wangu alikuwa mtu wa pwani, mfanyabiashara wa pembe, na nyumba yetu ya udongo pale Kindu ilitazama Lualaba. Msafara mmoja ulimletea bakuli kubwa la kioo kutoka Unguja. Wapagazi walilibeba miezi na miezi likiwa limefungwa ndani ya majani makavu, likafika zima. Akanipa mimi, mke mkubwa. Nililijaza maji hadi ukingoni, nikatia samaki mdogo niliyempata kwa wavuvi, mwenye mapezi mapana kama mabawa, anayekaa juujuu ya maji mchana kutwa kama jani lililoanguka.

Mke mwenzangu, binti wa Wagenya wa mtoni, alilitazama lile bakuli, akacheka kidogo.

"Dada, huyu njo samaki wa kuruka. Akiona mududu juu, anaruka. Akiogopa, anaruka. Na maji iko juu sana."

Nilimwambia sikumwuliza. Kesho yake samaki alikuwa mkekani, amekufa, sisimizi wamemzunguka.

Mwenzangu alikwenda mtoni mwenyewe, akaniletea mwingine. Akapunguza maji vidole vinne, akaweka majani ya mtoni yaelee ili samaki apate pa kujificha, kisha akasuka kifuniko cha nyuzi za majani ya mti wa mwale, matundu yake madogo hata ncha ya kidole haipiti, akakifunga kwa kamba kuzunguka mdomo wa bakuli. Kila asubuhi tulikilegeza upande mmoja tukamtupia samaki panzi wadogo. Aliishi. Tulikaa wawili tukimtazama, na miezi ile, nasema kweli, tulipendana.

Halafu akapata mimba. Mimi sikuwa nimezaa. Watu wakaanza kumsalimu yeye kwanza.

Siku moja nilijiwa na wageni, wake wa matajiri. Nilikitoa kile kifuniko ili kioo kionekane kinavyong'aa, nikajisifu mpaka nikachoka. Walipoondoka nikasahau kukirudisha. Asubuhi bakuli lilikuwa na maji na majani tu.

Nilipiga kelele hadi mume wetu akatoka, maji ya udhu bado yanamtiririka mikononi.

"Amemtoa samaki wangu! Anataka kila kilicho changu!"

"Sikumugusa," alisema mwenzangu. "Tafuteni chini. Huyu anaruka mbali."

Sikutafuta. Mume wetu, aliyekuwa amechoshwa na maneno ya nyumbani, alimpandisha mtumbwini siku ileile, akamrudisha kwa mama yake, "mpaka mioyo ipoe." Mwenzangu alishuka mtoni ameshika tumbo, hakugeuka.

Ramadhani ilipokaribia, nilisogeza kasha la nguo ili nifagie. Samaki alikuwa nyuma yake, mkavu kama ngozi, mabawa wazi. Nilimchukua nikamtupa motoni. Jioni ile mume wangu aliniuliza, "Nimrudishe mwenzako?"

Nikasema, "Bado."

Aliuliza tena baada ya Idi. Nikasema bado.

Kisha vikaja vita vya Wazungu na watu wa pwani. Mume wangu alikwenda, hakurudi. Nchi ilipotulia nilichukua doti mpya ya kaniki, nikapanda mtumbwi. Nilimkuta mama wa mwenzangu uani kwake, anaanika samaki juu ya chanja. Nikamweleza yote: kifuniko, wageni, kasha, na lile neno "bado". Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikufa tulipokimbilia msituni," alisema. "Yeye na mutoto wake. Kabla ya vita alikuwa anatazama kila mutumbwi unaoshuka kutoka Kindu."

Nilimpa ile kaniki kwa mikono miwili. Akaitazama, akanirudishia.

"Nguo tunazo, mama."

Akaendelea na kazi yake. Hakunifukuza, wala hakunikaribisha. Nilikaa pale chini, nguo magotini, mpaka wapiga makasia wakaniita.