Posa ya Mtu wa Hallowby

Ukiwa na posa ngumu Kampala, mtafute Swaib. Ni mdomo wa kukodi. Siku za kazi hutengeneza friji za baa za Kabalagala, ingawa pombe yenyewe hajawahi kuionja, na Jumamosi huvaa kanzu akaenda kuwasemea wanaume mbele ya wakwe. Ana maneno huyo! Aliwahi kumsifia bwana harusi mvivu mpaka mama mkwe akalia kwa furaha. Aibu hana hata chembe.

Safari hii alipatikana. Mteja alikuwa Yasini, Mkanada mrefu aliyekuja kuchimba visima, akasilimu, akampenda Rashidah wa Luzira, karibu na Port Bell. Baba yake Rashidah alishafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la baba mkubwa Fadhul, sajini mstaafu, Mnubi wa kizazi cha wale askari ambao Waingereza waliwaleta kutoka Sudan. Mzee alitoa sharti moja tu: binti yake haolewi na mtu asiyejulikana kwao ni wapi. Rashidah alimpigia Swaib simu, akamwambia wazi kwamba mzee akikataa, yeye hatamvunjia heshima. Ataachana na Yasini.

Njiani Yasini alimweleza Swaib habari za kwao, na jinsi babu zake walivyofika huko. Hallowby ni parishi ya shamba mashariki mwa Kanada, yaani kama muluka wetu tu, kata ya vijiji, mji haina. Kuna viazi, misonobari na mto unaoganda. Kuna pia daraja lililoezekwa paa.

"Daraja linalala ndani?" Swaib alicheka mpaka akakohoa. Akaona kwa habari hizo hata mjane hapewi mtu, akaamua kupamba.

Basi pale sebuleni kwa Fadhul, Hallowby ikaota milima. Ikapata ng'ombe wasiohesabika na ukoo wa kichifu. Shahidi naye alikuwapo: Erinayo, mwendesha boda wa stejini kwa kina Swaib, kavishwa kanzu ya kuazima na kutambulishwa kama rafiki wa familia aliyeishi Hallowby miaka mingi.

Fadhul alimgeukia Erinayo taratibu. "Ule mto wa huko unaitwaje, ndugu yangu?"

Erinayo alinyoosha mgongo kama askari. "Naili, afande."

Mashangazi walijifunika mitandio, mabega yakiwatikisika. Fadhul hakucheka. Alichukua fimbo yake ili ainuke, na akiinuka kikao kimekwisha. Kutoka chumba cha ndani ilisikika sauti ya Rashidah akivuta kamasi. Swaib, mtu wa masihara, moyo ulimuuma kwelikweli.

"Nimekudanganya, mzee," alisema. "Milima hakuna, wala uchifu. Babu zake huyu walikuwa askari wa mfalme wa Waingereza. Walipigana Amerika, wakashindwa, wakapakiwa melini, wakamwagwa kando ya mto kwenye msitu wa baridi. Wakagawiwa vipande vya ardhi, wakaambiwa hapa ndipo kwenu. Wenyeji waliokuwa wakivua samaki humo hawakuulizwa. Hallowby ni hiyo tu, na daraja lake lenye paa."

Fadhul alibaki ameshika fimbo, hainuki. "Askari wa Waingereza," alisema. "Wakapelekwa, wakaachwa hukohuko."

"Ndiyo, mzee."

"Juzi nilikwenda ofisini kufuata kitambulisho. Kijana mdogo akaniuliza, mzee, kwenu hasa ni wapi? Mimi niliyezaliwa hapa, na baba yangu akazaliwa hapa! Nilirudi nimekasirika, sikula." Alimtazama Yasini. "Halafu nikakaa kumngoja huyu, nimuulize hilohilo."

Swaib alitazama mkeka.

"Wazee wenu wamezikwa wapi?" Fadhul aliuliza.

"Kando ya mto, baba," alijibu Yasini kwa Kiswahili chake cha visimani. "Wote."

"Basi kwenu ni hapo." Mzee aligusa mkeka kwa ncha ya fimbo. "Wetu wamelala hapa. Na sisi kwetu ni hapa."

Aliiweka fimbo chini, akawaambia mashangazi wamtoe Rashidah aje amsalimie mumewe.