Mwezi Upi?

Zahra binti Yahya hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Mwenyewe alijua, na hakuona sababu ya kujirekebisha. Alifundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Thika, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyuma, na mwanafunzi aliyegonga kibodi kwa nguvu aliambiwa akapige ngoma kwao. Mwaka wa 1997 hakuwa na mume, hakuwa na shoga, na kitu kimoja tu kilimtoa nyumbani Jumapili: mchezo uliochezwa mtaa wa Mwihoko.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Watu wanne waliketi kwa Absalom, karani wa stoo kiwandani, katika chumba chake cha kupanga. Mmoja alikuwa msimulizi wa dunia ya kubuni. Wengine walijifanya watu wa dunia hiyo, wakasema wanachofanya, na dadu ikaamua kama wamefaulu. Kitabu cha sheria kilikuwa cha Absalom, ametumiwa na binamu yake wa Kanada, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kabla ya kunawa mikono. Msimulizi pia alikuwa Absalom, na alisimulia vibaya. Mfalme wake alikufa Jumapili moja, Jumapili iliyofuata akala karamu. Zahra akamwambia mbele ya wenzao kwamba hata jua lake linachomoza upande linaoutaka.

"Basi tengeneza lako," Absalom akasema. "Si wewe ndiye mtu wa kompyuta?"

Alidhani amemnyamazisha.

Chuoni kulikuwa na CD ya programu ya nyota, iliyokuja na jarida la Uingereza. Ilionyesha anga lilivyo, lakini pia ilikubali ufute jua letu na sayari zake zote, kisha uweke za kwako: uzito, umbali, mwendo. Saa za chakula cha mchana, wenzake wakishuka kula githeri, Zahra alibaki na anga lake. Mara ya kwanza sayari yake ilitoroka jua ikaenda zake gizani. Mara ya pili iligongwa na mwezi wake. Programu haikumgombeza, ilichora tu upumbavu aliouandika, na hilo lilimkera kuliko kugombezwa. Akaazima kitabu cha fizikia, akaelewa kwamba kilicho karibu lazima kikimbie na kilicho mbali hujikokota, na mwishowe anga likatulia.

Sayari kavu ya pembeni aliiita Ngoliba, alikozaliwa, ambako mama yake bado aligombana na mahindi yasiyoota. Sayari ya watu aliiita Tando, akaipa miezi miwili. Mkubwa, uliojikokota, ukawa Amida, kama nyanya yake. Mdogo, uliozunguka kwa siku tisa, ukawa Kalondu, jina la jirani yao ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi.

Wachezaji waliipenda Tando mpaka Absalom akalazimika kukubali. Zahra akawa msimulizi, Absalom akawa mfalme wa mji wa bandari. Na ni yeye Absalom aliyeomba kwamba mlango wa bandari yake uwe wa tope, ujae maji siku zile tu Kalondu na Amida wanaposimama pamoja na kuivuta bahari, ili siku nyingine adui asiingie. Zahra akakubali. Akamwekea programu ile kwenye kompyuta yake kuukuu ili azione siku za maji mwenyewe. Lakini fahali wawili hawakai zizi moja.

Absalom akatunga sheria: mezani ni Kiswahili tu, eti mwenzao Mulei, fundi wa redio, amechoka kutafsiriwa. Neno moja la Kiingereza, unapoteza dadu zako za zamu hiyo. Kila mtu alijua sheria ilimlenga Zahra, ambaye kazi yake yote ilikuwa ya maneno ya Kiingereza. Absalom alimnyang'anya dadu Jumapili baada ya Jumapili, akicheka mpaka machozi.

Kisha Ngendo, muuza mitumba wa Ruiru, ambaye katika mchezo alikuwa malkia wa visiwa, akauzingira mji. Absalom alikuwa hajajenga hata ukuta. Akaomba amani, tena akasimama kama yuko bungeni: "Amani ya miezi mitatu!" Ngendo akakubali, Mulei akawa shahidi.

Walipokutana tena, siku nyingi za Tando zikiwa zimepita, Ngendo alimuuliza Zahra, "Tangu siku ile, Kalondu amezunguka mara ngapi?"

Zahra akatazama skrini. "Mara nne. Na leo amesimama na Amida, maji yamejaa."

"Basi naingia."

Absalom alicheka kwanza, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Unaingia wapi? Tulisema miezi mitatu!"

"Imeisha."

"Imeisha aje? Hata miwili bado!"

"Mwezi upi?" Zahra akauliza.

"Mwezi ni mwezi! Mi nilimaanisha month, si ile—"

"Haiya! Kiingereza hicho," Ngendo akasema, akazoa dadu zake zote.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Absalom akatafuta neno la Kiswahili la kumwokoa, hakulipata, kwa sababu halipo. Kinachong'aa angani na kinachoning'inia kwenye kalenda vina jina moja, na hilo hata Zahra hakuwa amelifikiria alipoitundika miezi yake. Angeweza kusema tumekosea sote, turudie. Uamuzi ulikuwa wake. Alimwangalia Absalom, akakumbuka vile vicheko, akasikia raha.

"Kwa Tando, mwezi unaokimbia pia ni mwezi. Mji umeanguka."

Absalom akasimama. "Ndiyo maana nyinyi kila mwaka mnasali Idi siku mbili tofauti. Mwezi mmoja unawashinda kuona, sasa umetuletea miwili?"

Labda hakujua kwamba baba yake Zahra na baba yake mkubwa walikuwa hawasalimiani kwa miaka mingi, kwa kuwa mwaka mmoja huyu alifungua na yule akaendelea kufunga, na kila mmoja akamwita mwenzake mpotovu. Zahra alikua akipeleka sahani za pilau kwenye mlango usiofunguliwa. Maneno yale yalimchoma hadi ndani.

"Rudia," akasema.

"Toka kwangu."

"Nimesema rudia, kama wewe ni mwanaume!"

"Toka! Chumba ni changu, kitabu ni changu. Mulei, mwambie."

Mulei aliangalia viatu vyake. "Zahra, si uende tu kwanza."

Ngendo, aliyepewa mji kwa uamuzi ule, alikuwa anapanga dadu zake na hakuinua kichwa. Njia nzima hadi Thika, hilo lilimuuma Zahra kuliko tusi.

Zikapita wiki kadhaa. Jumapili Zahra alifua nguo ambazo tayari zilikuwa safi. Halafu mchana mmoja Mulei akatokea mlangoni chuoni.

"Niaje, Zahra."

"Unataka nini?"

"Mchezo unaendelea. Absalom ndiye msimulizi tena, mji wake amejirudishia. Na Kalondu amemfuta. Anasema mwezi ni mmoja, kama wa watu wa kawaida."

Zahra alishtuka kama aliyeletewa habari ya msiba. "Kwa hivyo umekuja kunipa pole?"

"Amejenga meli nyingi, anataka kumfuata Ngendo visiwani. Sasa kompyuta haionyeshi siku ya maji. Amesema nikuulize, lakini nisiseme ni yeye."

Zahra alicheka mpaka wanafunzi wakageuka.

"Mwambie meli zake ziko kwa tope."

"Mpaka lini? Hata akingoja miezi kadhaa?"

"Miezi gani? Si ameufuta mmoja? Kalondu ndiye alikuwa anamletea maji."

"Hatuwezi kumrudisha?"

"Nambari zake ninazo mimi. Absalom akizitaka, apande hizi ngazi mwenyewe, na aanze na yale maneno ya Idi."

Mulei akakuna kichwa. "Hatakuja. Unamjua."

"Na mimi ananijua."

Alisikiliza viatu vya Mulei vikishuka ngazi mpaka vikaisha. Ushindi ulikuwa wake, na hakuwa na mtu wa kumsimulia. Akarudi kwenye mashine yake. Kwenye skrini Kalondu alikuwa anampita Amida. Bandarini maji yalikuwa yamejaa, na hakukuwa na meli hata moja.