Fundi Masikio na Spika Asiyoisikia

Saa tatu asubuhi. Fundi amepiga magoti kando ya gari kuukuu, mkono umezama ndani ya mlango mpaka kwenye kiwiko. Ubao wa ndani wa mlango ameubandua na kuulaza juu ya gunia. Anashusha kioo cha dirisha polepole, anakipandisha, anakishusha tena.

"Gari za zamani milango yake myembamba," anasema. "Ukiweka spika yenye sumaku nene, kioo kikishuka kinaigonga. Siku ya mvua ndipo utajua hujui."

Wateja wanamwita Fundi Masikio. Karibu miaka ishirini sasa anafunga redio na spika katika banda hili la mabati lenye meza moja na kiti kilichong'olewa kwenye basi. Wenzake wana vipimo, yeye husikiliza. Kwa wiki hupata magari mawili, yakizidi matatu, na yote huja kwa sababu mtu kamnong'oneza mwenzake kwamba masikio ya yule bwana hayadanganyi. Masikio hayo ndiyo yanayolisha nyumba yake, na ndiyo anayoyaogopea.

Gari la leo ni la mshonaji wa nguo, mwanamke mcheshi aliyeachiwa gari hilo na kaka yake. Spika zake zimeoza karatasi, ukizigusa zinapukutika. Amekuja na boksi la spika kubwa alizochagua mwenyewe, lenye picha ya radi.

"Zirudishe hizo, dada," fundi anamwambia. "Redio yako ya zamani haina nguvu ya kuzisukuma, zitanong'ona tu. Halafu zinataka nikate bati la mlango, na bati halishoneki kama gauni."

"Haya! Ushaanza kuniingilia kazi yangu," mshonaji anacheka.

Fundi anatoa jozi mbili nyepesi zinazoingia kwenye tundu lililopo. Anafunga spika ya jozi moja mlango wa kulia, ya jozi nyingine wa kushoto, kisha anawasha redio na kuihamisha sauti huku na huku. Ndivyo anavyochagua siku zote. Redioni mwanamke anaimba. Mshonaji anainamisha kichwa.

"Hii ya kulia mbona inatoa ss, ss, kama sufuria inayokaribia kuchemka?"

Fundi anasogeza sikio, anafumba macho. Mimi, mwandishi wa gazeti niliyekuja kumwandika, nimesimama pembeni na mlio huo nausikia waziwazi. Yeye uso umemkauka.

"Mpya hiyo, dada. Itazoea."

Jamani! Kila mwenye gari analijua jibu hilo. Spika haizoei; anayezoea ni mwenye gari. Nilitaka kucheka nikashindwa, maana jasho lilikuwa likimtiririka shingoni na jua bado halijapanda.

"Sawa. Wewe ndiye unayesikia, mimi nani?" mshonaji anasema na kufungua mkoba.

Fundi anazima redio. Anaongea bila kumtazama.

"Usiichukue, dada. Chukua ya kushoto. Hiyo ss unayoisema siisikii. Siisikii kabisa."

Mkoba unafungwa. "Tangu lini?"

"Mwaka sasa."

Anaeleza kwamba sauti nyembamba ndizo zilizoanza kumtoroka: ndege wa asubuhi, mlio wa simu, kisha watu. Mwezi uliopita alikosea akapishanisha nyaya za spika moja, hasi ikakaa kwenye chanya. Moja ikawa inasukuma na nyingine inavuta, besi, ile sauti nzito, ikayeyuka. Kwenye gari kuukuu rangi za nyaya hufifia, kosa ni la kawaida. Lakini zamani angelisikia kabla hajainuka. Safari hii mteja ndiye aliyerudi, amefura.

"Nikamwambia redio yake mbovu," fundi anasema. "Tangu siku hiyo gari likipiga honi hapo nje, natamani kufunga banda. Wakijua, nani ataniletea kazi?"

Nyumbani hali ni mbaya zaidi. "Mke wangu ananiita kutoka jikoni, siitiki. Anasema nimetia pamba masikioni. Anadhani nimemchoka. Nimemwacha adhani hivyo. Bora anune kuliko ajue baba watoto anakuwa kiziwi."

"Bora?" nilimuuliza, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Sijui kama alinisikia.

Aliyemjibu ni mshonaji. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Haya, funga hizo za kushoto milango yote. Wewe fanya kazi, mimi nitakusikilizia."

Fundi anashika bisibisi. Parafujo inaingia.

Amepanga kwenda hospitali kupimwa masikio. Alishawahi kufika hadi getini akageuza, akiogopa kuambiwa kile anachokijua. Nilipomwambia kwamba naweza kuyaacha haya yote nje ya gazeti, aliifuta mikono kwa kitambaa na kutikisa kichwa.

"Hapana, andika. Wateja watakaokimbia na wakimbie. Mke wangu gazeti halimpiti, na kumwambia kwa mdomo nimeshindwa. Andika kwamba sijamchoka. Jumatatu nakwenda, naomba anisindikize. Pale wanaita majina dirishani, wanaita mara moja tu. Naogopa nitaitwa nisisikie."