Mashine za Kanisani

Kwa miezi minane Kanini alijisifu kwamba amemnunulia mama yake mashine za masikio. Aliwasimulia walimu wenzake pale Karurumo, hata wale ambao hawakuwa wamemuuliza. Leo, katika kliniki moja mjini Embu, sifa hizo zilimwasha kama upupu.

Mama yake, Igoki, mkulima wa chai kule Kibugu, alizitoa mashine kwenye kitambaa na kuziweka mezani.

"Daktari, leo ukishindwa, baki nazo. Mimi narudi kwa uziwi wangu. Huko kulikuwa na amani."

Jumapili iliyopita, spika za kwaya zilipofunguliwa, alishika kichwa akatoka nje katikati ya wimbo. Akina mama wakamfuata mbio na maji, wakidhani ni presha. Tangu hapo alikuwa ameapa kutozivaa tena.

Marete, mtaalamu wa masikio, aliziunganisha na kompyuta, akakunja uso, akapaza sauti ili asikike.

"Shosho, hapa inaonyesha unavaa masaa tatu kwa wiki. Masikio yatazoea aje?"

"Si ni za kanisa? Mtu hawezi enda nazo kwa majani chai."

"Nani alikuambia hivyo?"

Igoki alijipangusa magoti, ingawa hayakuwa na vumbi. "Ni akili yangu tu. Uzee."

Moyo ulimlipuka Kanini. Mama yake, mzee wa kanisa asiyedanganya hata juu ya idadi ya mayai, alikuwa amedanganya mchana kweupe kwa ajili yake. Ni yeye Kanini aliyemkataza, tena kwa kidole juu, kama anayefokea darasa la nne: "Hizi ni za kanisa na harusi! Zikinyeshewa huko shambani, usiniite!" Mwalimu mzima! Katika siku saba, alimwachia mama yake moja tu ya kusikia, nayo ndiyo yenye kelele kuliko zote. Alipaswa kusema. Alijua anapaswa kusema. Mdomo ukakataa kata kata.

Marete alimvisha Igoki mashine masikioni, akagonga kijiko kwenye kikombe.

"Hiyo inachoma," Igoki alisema.

Marete akabonyeza kompyuta, akagonga tena. Akatikisa funguo, akafungua mfereji, akakunjakunja gazeti, kila mara akipunguza kidogo. Polepole mabega ya Igoki yakashuka.

"Sasa kijiko ni kijiko," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

"Basi uvae kila siku. Anza na saa moja nyumbani, kukiwa kimya, uongeze pole pole. Hata shambani, bora isiwe mvua. Lakini shosho, umejitesa bure hii miezi yote."

"Ni kweli, daktari. Nilikosa," alisema Igoki, akainamisha kichwa kama mtoto aliyekaripiwa.

Kanini hakuweza kumtazama. Aligeukia dirisha. Kwa miaka mingi alikuwa na tabia ya kunung'unika mbele ya mama yake, kwa kuwa mama hasikii, na sasa alifanya vilevile, kwa sauti ya chini kabisa:

"Ni mimi nilimkataza."

"Nimekusikia," Igoki alisema bila kugeuka. "Mwambie daktari. Dirisha limekukosea nini?"

Kanini akageuka, machozi yakimlenga, akasema tena kwa sauti.