Koti la Kaki na Ng'ombe wa Makwasinyi

Walisema sitaweza. Kule Voi, kwenye nyumba za reli nilikokulia, majirani waliitazama hii mikono yangu, myembamba kama fimbo za kuswagia mbuzi, wakamwambia mama kwamba huyu wako hatashika jembe, hatashika spana, na shule itamshinda mapema. Leo nina diploma ya afya ya mifugo, iko kwenye fremu ya kioo sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona (kiti cha upande ule mwingine nilikiondoa mwenyewe). Lakini kabla hamjanipigia makofi niwaambie jambo ambalo fremu haisemi: siku ya kwanza mimi kuitwa daktari sikuwa na cheti chochote, nilikuwa na kiraka matakoni, na aibu ya siku ile hunifanya nifunike uso hata nikiwa peke yangu.

Ilikuwa likizo ya Agosti, miaka ya sabini, nami niko kidato cha tatu. Rafiki yangu Mwadime, tuliyekaa dawati moja, alinialika kwao Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, na siku ya pili tu nikamwona Wakesho bombani. Nilimsaidia kujitwisha ndoo, nikamwaga nusu ya maji mgongoni mwake.

"Wewe watoka wapi?" akauliza.

"Voi."

"Ndiyo maana," akasema, akaenda zake akicheka, na mimi tangu hapo chakula hakikupita kooni.

Sasa, siku zile kijana haendi tu nyumbani kwa watu eti kumsalimia binti yao. Lazima uwe na shughuli. Mwadime akanitafutia moja. "Uliza kama wana beberu wa kuuza," akaniambia, "halafu omba maji ya kunywa. Hayo maji atakuletea nani? Si yeye?" Nilimwona ana akili kuliko walimu wetu wote. Tatizo likabaki suruali. Nilikuwa na moja tu ya kutembelea, na mama aliitia kiraka nyuma kwa gunia la unga, na gunia lenyewe lilikuwa na maandishi mekundu ambayo hata kufua kwa majivu hakukuyatoa. Ukutani kwa kina Mwadime lilining'inia koti refu la kaki la kaka yake, dereva wa maofisa wa mifugo kule Voi, aliyekuja nyumbani mapumziko na alikuwa bado amelala. Koti lilifika magotini. Asubuhi ilikuwa ya baridi, ukungu umeshuka mpaka mashambani, kwa hiyo nikajiambia hakuna atakayeshangaa, nikalivaa, nikafunga vifungo vyote.

Huo ndio uamuzi wangu, jamani. Koti tu.

Kumbe ng'ombe wa Mzee Mghanga, baba yake Wakesho, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jioni na ndama hatoki. Alikuwa ng'ombe wao wa pekee, na wadogo zake Wakesho watatu walikuwa wanalelewa kwa maziwa yake. Alfajiri mtu alidandia lori kwenda Voi kumwita bwana mifugo, ambaye pale kijijini hakuna aliyemjua kwa sura. Walichokijua ni koti lake, refu, la kaki. Nami nikatokeza kwenye ukungu.

"Daktari huyo!" akapiga kelele mama mmoja, na uwanja mzima ukageuka.

"Hapana mzee, mimi nimekuja..."

"Maneno baadaye, bwana, ng'ombe anakufa!" Mzee Mghanga alikuwa ameshanikamata mkono. "Gari lenu limeharibika tena njiani?"

Nikakohoa. Akasema, "Nilijua tu."

Nyuma yake alisimama Wakesho na karai la maji moto. Alinitambua pale pale, nikaona macho yanavyomtoka, nikajua sasa atasema, nami nitakimbia hadi Maungu. Badala yake alilitua karai miguuni pangu, akaniambia kwa heshima zote, "Maji haya hapa, daktari. Au mambo ya maji pia si kazi yako?"

Ningefanyaje? Ningekiri mbele yake? Nikainama, nikaanza kukunja mikono ya koti, na Mzee akasema, "Lo, vua kabisa, usichafue nguo ya serikali." Nikasema nasikia baridi. Akasema damu haitoki kwenye kaki. Akalivuta yeye mwenyewe, kwa adabu kabisa, kama anavyovuliwa askofu, na mimi nikiwa nimewapa mgongo watu wote, nikasikia mtoto mmoja, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kusoma, akisoma kwa sauti ya darasani: "Ki-lo ti-si-ni."

Kicheko kilichopigwa pale, sina haja ya kuwasimulia. Mama mmoja alilazimika kukaa chini.

Hapo ndipo Mwadime alipofika mbio, maana kaka yake ameamka na anataka koti. Aliona umati, akamwona ng'ombe anavyohangaika, akaona kiraka, akaniona mimi na karai. Angeweza kugeuka. Akachomoa kamba iliyofungwa kwenye ua, akapenya katikati ya watu, akasema, "Daktari, samahani nimechelewa, kamba ninayo," akapiga magoti kando yangu, kisha akanong'ona, "Wewe mjinga, kimetoka nini?"

"Pua na kwato moja."

"Basi mguu mwingine umekunjika ndani. Mbuzi wetu hufanya hivyo. Mimi mkono wangu mnene. Ingiza wako."

Nikapaka sabuni hadi begani, nikaingiza. Ile mikono ya kuchekwa Voi ilipita kama samaki. Nikamsukuma ndama nyuma kidogo, nikapapasa, nikapata goti, nikashuka mpaka kwato, nikaifunika kwa kiganja isimchane mama yake, nikaivuta polepole mpaka ikaja sawa na mwenzake. Ng'ombe alinipiga teke la paja. Sikuachia. Mwadime na Mzee wakafunga kamba, wakavuta kila ng'ombe aliposukuma, na ghafla ndama akachomoka na kuniangukia kifuani, nikalala chali topeni nimemkumbatia, naye akapiga chafya usoni mwangu.

Yuko hai! Uwanja ulishangilia mpaka kuku wakaruka juu ya paa. Na katikati ya shangwe hiyo likaingia gari la serikali, akashuka bwana mmoja wa makamo mwenye koti la kaki na mabuti.

"Ng'ombe yuko wapi?"

Mzee Mghanga akamtazama yeye, akanitazama mimi pale chini. "Basi wewe ni nani?"

"Ni mwanafunzi, mzee," nikasema, na ndama bado yuko juu yangu. "Nilikuja kumsalimia Wakesho."

Wakesho alijificha uso kwa kanga. Bwana mifugo akamkagua ng'ombe, akamkagua ndama, akauliza nani aliyeurudisha mguu, watu wakaninyooshea vidole. "Maliza shule," akaniambia, "halafu uje ofisini kwangu Voi." Na Mzee Mghanga, baada ya kukuna ndevu kwa muda mrefu sana, akasema, "Jumamosi tunapika dang'a, yale maziwa ya kwanza. Aliyezalisha hawezi kukosa. Njoo na huyo mwenzako. Sasa una shughuli hapa."

Tulikwenda, tukanywa, na Wakesho ndiye aliyemimina. Mapenzi yetu yalidumu mpaka shule zilipofunguliwa (baadaye aliolewa na mwalimu huko Chala, mtu mwema, sina neno naye), lakini likizo ile yote ilikuwa yangu. Mwadime ni rafiki yangu hadi leo, na hakuna harusi ambayo hajakisimulia kisa hiki.

Nilimaliza shule, nikaenda Voi, nikapelekwa chuo bara, nikarudi na karatasi. Na niliapa: sishiki ng'ombe wa mtu kabla sijataja jina langu, jina la baba yangu na cheti nilicho nacho, hata kama ng'ombe amelala chini anagumia. Wafugaji wa Mwatate hunung'unika kwamba naringa. Ni kweli naringa. Nikishamaliza kuringa, naingiza mkono.